UZI: Nyimbo za Kijapani za majira ya kuchipua, na kwa nini nyingi zinamuaga mtu

#1 Mtufaa_Njombe (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Wiki iliyopita niliahidi kwamba nikipata nafasi nitaleta nyimbo za Kijapani za majira ya maua. Leo mvua inanyesha hapa Njombe tangu alfajiri, shamba haliingiliki, basi nimekaa niandike. Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize hapo hapo, asisubiri nimalize.

Kwanza jina. Wajapani wanayaita majira haya haru. Baadhi ya kamusi zetu zinaandika "masika", na hapo ndipo msomaji anapotea, maana masika yetu ni mawingu, matope na mahindi kuota, wakati haru ni jua linalorudi baada ya theluji. Mimi nitasema majira ya kuchipua, au haru tu.

Nimeishi miaka mitatu mkoa wa Nagano, milimani katikati ya Japani, nikijifunza kilimo cha matufaa (maepo, kama tunavyoyaita sokoni). Mtu wa Njombe baridi anaijua, mwezi wa saba nyasi zetu zinaamka nyeupe kwa sakitu. Lakini ya Nagano inakaa miezi, na inapoanza kuachia, watu wanabadilika hadi sauti. Redio ya kwenye banda la kupangia matufaa ilikuwa inapiga nyimbo za haru kuanzia Februari, na mwaka wa kwanza nilidhani ni nyimbo za furaha tu. Kijapani kilipoanza kuniingia nikagundua kwamba, ukiondoa za watoto wadogo, nyingi ya nyimbo hizo zinamuimba mtu anayeondoka. Ua liko pembeni.

Sababu iko kwenye kalenda. Mwaka wa shule wa Japani unaanza tarehe 1 Aprili na kufungwa 31 Machi. Mwaka wa fedha wa serikali ulihamishiwa Aprili mwaka 1886, shule zikafuata polepole, na kampuni nyingi nazo zikaufuata. Kwa hiyo ndani ya wiki chache zile zile mtoto anamaliza shule, kijana anaacha kijiji kwenda chuo mjini, mfanyakazi anapewa barua ya uhamisho, mzee anakabidhi ofisi. Machi ukipita mitaani unakuta malori ya kuhamisha vyombo kila kona. Na mwisho wa Machi hiyo hiyo, Tokyo na kusini yake, maua ya sakura yanafunguka. Yanakaa kama wiki mbili, yanapukutika. Mtu ametoka kumsindikiza rafiki yake stesheni, anarudi nyumbani peke yake, anapita chini ya mti unaomwaga petali. Atasahauje?

#2 Mtufaa_Njombe

Kabla ya nyimbo, kidogo kuhusu mti wenyewe, kwa sababu wengi humu ni wakulima wa parachichi na mtanielewa upesi.

Sakura mnayoiona kwenye picha nyingi, ile ya mstari mrefu ukingoni mwa mto, ni aina moja: Somei Yoshino. Somei kilikuwa kijiji cha wauza miche, leo kimemezwa na Tokyo. Mti huo hawauoteshi kwa mbegu. Wanabebesha, kama sisi tunavyobebesha miche ya parachichi. Hiyo ina maana kwamba miti yote ya aina hiyo, kaskazini hadi kusini, ni mti mmoja uliogawanywa, na joto likifika kiwango chake mtaa mzima unafunguka siku chache zile zile. Ofisi ya hali ya hewa ina mti wake wa mfano kila mkoa. Wa Tokyo uko kwenye hekalu la Yasukuni. Yakihesabiwa maua matano au sita yaliyofunguka, inatangazwa rasmi kwenye taarifa ya habari kwamba sakura imechanua. Kutoka hapo tangazo linapanda kaskazini: Nagano kwetu mwanzoni au katikati ya Aprili, Hokkaido mwishoni mwa Aprili au Mei.

Sasa wimbo. Naanza na wa zamani, "Hana", maana yake Ua, wa mwaka 1900. Mtunzi wa muziki ni Taki Rentarō, maneno ni ya Takeshima Hagoromo. Unaimba mto Sumida wa Tokyo wakati wa haru: mashua zinapanda na kushuka, na matone ya maji yanayorushwa na makasia yanafananishwa na petali. Ni wa sauti mbili, wanakwaya wataupenda. Huu ni wa furaha kweli, hakuna anayeagwa. Lakini mtunzi wake alikwenda Ujerumani kusoma muziki huko Leipzig mwaka 1901, akaugua kifua kikuu, akarudishwa, akafariki 1903 akiwa na miaka 23. Kila nikiusikia naona mashua za kijana ambaye hakupata haru nyingi.

Mwingine ni "Haru no Ogawa", kijito cha majira ya kuchipua, wa 1912. Maneno yanahusishwa na Takano Tatsuyuki, mtu wa Nagano, muziki Okano Teiichi. Kila mtoto wa Kijapani anaujua. Kijito kinachosemwa kuwa ndicho kilichoimbwa kilikuwa Yoyogi, karibu na Shibuya ya leo. Sasa kimefunikwa kwa zege. Maji yanapita chini, juu yake watu wanatembea, na kuna jiwe la kumbukumbu lenye maneno ya wimbo.

#3 Sauti_ya_Tatu

Mkuu shukrani, nimeweka kambi hapa. Mimi ni mwalimu wa kwaya Iringa, nafundisha kwa sol-fa. Ule "Sakura Sakura" wenyewe ambao hata sisi tunaujua, mbona unasikika wa huzuni hivyo wakati unasifia maua? Nimejaribu kuupiga kwenye kinanda ukanitoka vizuri nusu.

#4 Mtufaa_Njombe

Mwalimu, umegusa mahali pazuri. "Sakura Sakura" ni wa enzi za Edo (kabla ya 1868), ulikuwa wimbo wa kuwafundishia watoto koto, kile kinanda cha nyuzi 13 kinacholazwa chini. Ulichapishwa kwenye mkusanyo wa nyimbo za koto wa chuo cha muziki cha Tokyo mwaka 1888.

Huzuni unayoisikia imo kwenye ngazi ya sauti. Tumia la, ti, do, mi, fa. Hizo tano tu, usiguse re wala so. Kati ya ti na do ni nusu hatua, kati ya mi na fa ni nusu hatua, na sikio letu lililozoea nyimbo za kanisani linasikia malalamiko pale. Mjapani anasikia nyumbani kwao. Uanze hivi:

la la ti, la la ti, la ti do ti, la ti-la fa

Hiyo fa ya mwisho ishike, usiikimbie. Nadhani ndipo ulipokuwa unateleza, wengi wanaishusha hadi mi mapema.

#5 Sauti_ya_Tatu

Imekubali! Ni ile fa kweli. Asante sana mkuu, endelea.

#6 BintiwaMvita

Kaka, mie wa Mombasa, nina neno kuhusu hiyo koto. Nyumbani kwetu kulikuwa na tashkota, ile ya nyuzi yenye vitufe kama taipureta, babu akiipiga harusini kwenye taarabu. Nilikuja kujua ukubwani kuwa ni kitu cha Japani. Je, ndiyo koto hiyo?

#7 Mtufaa_Njombe

Dada, asante kwa kuileta hiyo, imenifurahisha mno. Ni ndugu kwa jina. Jina lake la kwao ni taishōgoto, yaani koto ya enzi ya Taishō. Iliundwa Nagoya mwaka 1912, na mwaka huo ndio enzi ya Taishō ilianza, ikapata jina. Aliyeibuni, Morita Gorō, alitumia wazo la vitufe vya taipureta, kwa hiyo jicho lako limeona sawasawa. Ikasafiri hadi Bara Hindi, ikafika pwani yetu, na midomo ya Mvita ikaifanya tashkota. Babu alikuwa akipiga nyuzi za Nagoya kwenye harusi za Mombasa.

Kama mnayo bado nyumbani, mpe mtu aipige la, ti, do, mi, fa za mwalimu hapo juu.

Na kwa koto yenyewe, tafuta "Haru no Umi", bahari ya majira ya kuchipua, ya Miyagi Michio, 1929. Ni koto na filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi, hakuna maneno. Miyagi alipofuka akiwa mtoto, na bahari anayoipiga ni ile ya Seto, bahari ya ndani yenye visiwa vingi, aliyoikumbuka tangu macho yalipokuwa yanaona. Leo Wajapani wanaipiga madukani siku ya Mwaka Mpya, katikati ya baridi kali, na mgeni anashangaa. Kisa ni kalenda ya zamani: mwaka mpya wao wa mwezi mwandamo uliangukia kwenye mwanzo wa haru, na kadi za mwaka mpya mpaka leo zinaandikwa salamu za haru.

#8 BintiwaMvita

Babu yangu angekuwa hai ningemsomea huu uzi. Allah amrehemu. Endelea kaka, na za upepo kama zipo usizisahau, sie huku majira tunayajua kwa kaskazi na kusi.

#9 Mtufaa_Njombe

Amina. Wa upepo upo, na ni mkubwa.

"Haru Ichiban" wa Candies, mabinti watatu, 1976. Ukiusikia utaruka, ni wa kuchangamka: theluji inayeyuka kuwa kijito, vaa nguo nyepesi, toka nje. Jina lake ni jina la upepo. Haru ichiban ni upepo wa kwanza wenye nguvu unaovuma kutoka kusini kati ya mwanzoni mwa Februari na ikwinoksi ya Machi (siku usiku na mchana vinapolingana), na ofisi ya hali ya hewa inautangaza kama inavyotangaza sakura. Ukivuma, joto linapanda ghafla siku moja, kesho yake baridi inarudi.

Neno hilo lilitoka kwa wavuvi. Kisiwa cha Iki, mkoa wa Nagasaki, mwaka 1859, wavuvi 53 wa Gonoura walikwenda baharini mwezi Machi, upepo huo wa kusini ukawakuta na kuwaua wote. Tangu hapo wavuvi wa huko wakawa na jina la kuuogopa: wa kwanza wa haru. Kule Gonoura kuna mnara wa kumbukumbu. Wasichana waliocheza na wimbo huo kwenye televisheni, na mimi niliyekuwa naupiga filimbi nikipogoa matufaa, tulikuwa tunatamka jina la msiba wa watu bila kujua. Mzee mmoja wa kule shambani ndiye aliyenieleza, na tangu siku hiyo naupenda zaidi na nausikiliza kwa adabu zaidi.

#10 Mwl_Rukwa

Mkuu nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Umesema nyimbo za haru ni za kuaga wahitimu. Sisi mahafali tunakodi spika, muziki wowote unapigwa, siku inaisha. Wao wana wimbo maalumu?

#11 Mtufaa_Njombe

Mwalimu, hapa ndipo nilipotaka kufika, vumilia nitaandika kirefu.

Zamani walikuwa na mbili za lazima. "Hotaru no Hikari" wa 1881, ambao tuni yake ni ile ya Waskoti inayoimbwa dunia nzima usiku wa mwaka mpya. Na "Aogeba Tōtoshi" wa 1884, wa kuwashukuru walimu. Huu wa pili kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua tuni yake ilitoka wapi, hadi mwaka 2011 profesa mmoja Mjapani alipoikuta kwenye kitabu cha nyimbo za shule cha Marekani cha 1871. Yaani machozi ya vizazi vinne vya Wajapani yalimwagika kwenye tuni iliyosahauliwa kwao ilikotoka.

Lakini ninaoupenda mimi ni wa tatu: "Tabidachi no Hi ni", siku ya kuanza safari. Mwaka 1991, shule ya sekondari ya chini ya Kagemori, mji wa Chichibu, mkoa wa Saitama. Mkuu wa shule, Kojima Noboru, alikuwa ametamani kwa miaka shule yake ijae nyimbo. Ni mji wa milimani, shule ya kawaida. Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mwalimu wa muziki akamwomba aandike maneno ya kuwaaga wanafunzi. Akaandika. Mwalimu akayatia muziki. Kwenye sherehe ya kuwaaga, walimu wote, pamoja na mkuu mwenyewe, wakapanda jukwaani wakawaimbia wanafunzi. Ilikuwa iimbwe mara ile moja tu, iwe zawadi. Shule za jirani zikauomba, kisha mikoa ya jirani, na leo ni miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa zaidi kwenye mahafali nchi nzima.

Nimeusikia ana kwa ana. Binti wa bosi wangu alikuwa anamaliza sekondari ya chini, mama yake akanialika. Ukumbi wa michezo, baridi ya Machi inapanda kutoka kwenye sakafu ya mbao, wazazi wamevaa nyeusi. Sherehe nzima ni kimya, wanainuka, wanainama, wanakaa, mpaka nikawa najiuliza kama nimekuja kwenye msiba. Halafu wahitimu wakageuka kuwatazama walioketi, piano ikaanza. Walipofika nusu ya pili, sauti za wavulana zinapoingia chini ya za wasichana, mstari wa mbele ulikuwa hauimbi tena, unalia, na waliokuwa nyuma wakawabebea wimbo hadi mwisho. Bosi wangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitikisika hata mvua ya mawe ilipoharibu matufaa, alikuwa anatazama dari.

Mwalimu, huo ndio wimbo. Uliandikwa na mwalimu mkuu na mwalimu wa muziki, kwa wanafunzi wao, bila bajeti ya spika.

#12 Mwl_Rukwa

Nimekuelewa sana. Kwetu Form Four wanamaliza Novemba, mvua za kwanza zinaanza. Tuna mwalimu mmoja anaandika mashairi. Nitamfuata kesho asubuhi.

#13 Dada_Ilala

Mimi nasikiliza sana nyimbo za Kijapani za sasa, na kila nikitafuta za msimu huu nakuta zote zinaitwa Sakura. Msanii huyu Sakura, yule Sakura. Nisaidie kuzitofautisha kaka, ipi nianze nayo?

#14 Mtufaa_Njombe

Pole dada, ni kweli, ni msitu. Wimbi hilo lilikuja na miaka ya 2000. Fukuyama Masaharu alitoa "Sakurazaka" mwaka 2000, ukauza zaidi ya nakala milioni 2, jina ni la mteremko uliopo Tokyo. Baada yake ni kila mwaka: Moriyama Naotarō 2003, Kobukuro na Ketsumeishi wote 2005, Nakashima Mika 2005 hiyo hiyo na "Sakurairo Mau Koro", Ikimono-gakari 2006 wakianzia safari yao na "SAKURA".

Anza na Moriyama. Tafuta toleo la sauti na piano peke yake. Kijana anamwambia rafiki yake waagane hapa chini ya mti ambapo siku moja watakutana tena. Sauti yake inapanda mpaka inakuwa nyembamba kama uzi na haikatiki. Nyingine ni nzuri, ila huo unakaa.

Na ukitaka wa haru usio na sakura, "Sangatsu Kokonoka" wa Remioromen, 2004, maana yake tarehe 9 Machi. Waliuandika kwa ajili ya harusi ya rafiki yao iliyofanyika tarehe hiyo. Mwaka 2005 ukatumika kwenye tamthilia ya televisheni, wanafunzi wakiuimba darasani, na nchi ikauchukua ukawa wa mahafali. Wimbo wa harusi umegeuka wa kuaga, na hakuna neno lililobadilishwa. Kalenda ndiyo iliyoubadilisha.

Pia "Haru yo, Koi" wa Matsutōya Yumi, 1994. Humo kuna ua liitwalo jinchōge, dogo, la vichakani, linanukia kabla hujaliona. Ukipita usiku kwenye uchochoro harufu inakushika kama asumini ya Zanzibar. Wimbo wote uko hivyo, mtu hayupo lakini harufu yake ipo.

#15 Kijana_wa_Zamani

Wakuu samahani kuingilia. Mimi umri umeenda, nyimbo za haraka sizifuati. Hakuna za watu wazima?

#16 Mtufaa_Njombe

Shikamoo mzee wangu. Zipo, na nilikuwekea mbili, ndizo nilizobaki nazo moyoni.

Ya kwanza "Nagori Yuki", theluji iliyosalia. Ise Shōzō aliuandika kwenye kundi la Kaguyahime, 1974. Mwaka uliofuata Iruka, mwanamke, akauimba, na wengi wanaujua kwa sauti yake. Stesheni ya treni. Mwanamume ameketi karibu na msichana anayeondoka Tokyo, anaangalia saa ya treni. Theluji inaanguka, imechelewa, si msimu wake. Msichana anasema hii ndiyo theluji ya mwisho nitakayoiona Tokyo. Treni inaanza kuondoka, mwanamume anaogopa kutazama midomo ya msichana dirishani isije ikawa inasema kwaheri. Na anapobaki peke yake kwenye jukwaa la stesheni, akitazama theluji inayoanguka na kuyeyuka, ndipo anatambua kwamba msichana aliyezoea kumwona mtoto amekuwa mrembo. Ni hayo tu. Haru katika wimbo huo imefika, na ndiyo iliyomchukua. Tazama walivyoiweka theluji: inachelewa kuondoka kama yeye alivyochelewa kusema.

Ya pili, mzee, ni "Kitaguni no Haru", haru ya nchi ya kaskazini, 1977. Mwimbaji Sen Masao, muziki wa Endō Minoru, maneno ya Ide Haku ambaye ni mtu wa Nagano, kwa hiyo kule tuliuona kama wetu. Sen Masao mwenyewe ametoka Rikuzentakata, mkoa wa Iwate. Alikuwa akipanda jukwaani na koti kuukuu na buti za mpira, kama kibarua aliyetoka shamba kwenda mjini, kwa sababu ndiye anayemuimba. Enzi hizo wanaume wa kaskazini, theluji ikifunika mashamba, walikwenda Tokyo kujenga barabara na maghorofa, na mtu alikaa huko miezi asiijue hata haru kama imefika. Katika wimbo, mama yake anamtumia kifurushi kidogo. Mjini hakuna dalili ya majira, kifurushi ndicho kinachomwambia kwamba nyumbani miti ya mibachi, yenye gome jeupe, imesimama chini ya mbingu ya buluu, upepo wa kusini unavuma, ua la kobushi limefunguka mlimani. Ubeti wa mwisho anawakumbuka baba na kaka yake, wawili wasio na maneno mengi: je, siku nyingine hukaa wakanywa pamoja?

Mzee jirani yetu kule Nagano alikuwa miongoni mwa watu hao, alimwaga zege Tokyo majira ya baridi ya ujana wake. Usiku mmoja kwenye karaoke alishika kipaza sauti akauimba wote macho yamefumba. Miezi miwili nyuma mwenzangu alikuwa amekuja kutoka nyumbani, mama amempa kilo moja ya unga wa ulezi aniletee. Nilikuwa sijaufungua, nauhifadhi tu. Niliporudi usiku ule nilipika uji.

#17 Kijana_wa_Zamani

Marahaba mwanangu. Mimi nilifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga nikitokea Kigoma, miaka ya sabini. Mama yangu alikuwa akinitumia dagaa waliokaushwa, wakija na treni ya reli ya kati. Nimeusikiliza huo wa pili mara tatu. Maneno siyajui lakini nimeelewa.

#18 Sauti_ya_Tatu

Mzee umenigusa. Mkuu, na ile tsunami ya Machi 2011, iliingia kwenye nyimbo hizi?

#19 Mtufaa_Njombe

Iliingia. Tarehe 11 Machi, katikati kabisa ya wiki za mahafali. Rikuzentakata, kwao Sen Masao, ulikuwa miongoni mwa miji iliyofagiliwa. Kwenye msitu wa misonobari wa ufukweni ulibaki mti mmoja umesimama. Mwaka 2012 shirika la utangazaji NHK likatoa "Hana wa Saku", maua huchanua, muziki wa Kanno Yōko na maneno ya Iwai Shunji, wote wawili watu wa Miyagi, mkoa ulioumizwa sana. Unaimbwa taratibu, na wasikilizaji wengi huusikia kama sauti ya waliotangulia wakiwauliza waliobaki habari zao. Nikiwa kule kila Machi ulirudi redioni, na bandani kazi ilikuwa inasimama mpaka uishe. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya huo.

#20 Mgeni_Sapporo

Habari zenu, mimi ni Mkenya, nimefika Sapporo wiki mbili zilizopita kusoma. Nimeukuta uzi huu usiku. Nyote mwaongea maua, huku ni katikati ya Aprili na kando ya barabara bado kuna marundo ya theluji nyeusi. Darasani sijamjua mtu. Nisikilize upi?

#21 Mtufaa_Njombe

Karibu sana ndugu yangu. Uko kaskazini, sakura ya Sapporo huja karibu na mwanzo wa Mei, bado hujachelewa kitu. Hizo wiki mbili zilizobaki sikiliza "Kitaguni no Haru", maana kila kinachotajwa humo kiko hapo ulipo. Mibachi ni ile miti yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Kobushi itatangulia sakura: mti mkubwa, hauna jani hata moja, maua meupe makubwa yametokeza kwenye matawi matupu. Ukiuona mlimani wakati theluji bado haijaisha, ndio huo.

Na mwenzako wa darasani ukitaka kuanza naye mazungumzo, muulize tu sakura ya kwao huchanua lini. Kila Mjapani ana jibu, na aliyetoka mbali atakujibu kirefu. Ukiiona kobushi tuletee picha hapa.